Reli Ndefu, Ndogo na Kongwe: Rekodi za Treni za Mezani

Baridi inapoanza kuwafungia watu ndani, kumbi za makanisa, shule na vituo vya jamii huko Uingereza, Ujerumani na Marekani hugeuka stesheni kila mwisho wa juma. Meza zinapangwa, reli zinaunganishwa, na treni zinazoenea kiganjani zinaanza kukatiza vijiji vya kadibodi na milima ya plasta. Anayeingia kwa mara ya kwanza huenda akadhani ni mambo ya watoto. Akikaa nusu saa atatambua kwamba aliyesimama nyuma ya ile meza ni fundi umeme, seremala, mchoraji na mwanahistoria kwa wakati mmoja.

Shughuli hii ina rekodi zake, nyingine zimeandikwa kwenye vitabu, nyingine zinajulikana tu na wenyewe. Nimekusanya hapa zile ninazoona zina uzito. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: rekodi za urefu na ukubwa huvuta macho, lakini karibu zote zimebebwa na watu waliofundishana kazi kwenye klabu ndogo za mitaani na maonyesho ya siku mbili ambayo hayatangazwi popote zaidi ya ubao wa matangazo wa mtaa.

Kubwa kuliko zote

Hapa hakuna ubishi. Miniatur Wunderland, iliyomo ndani ya maghala ya matofali mekundu ya Speicherstadt mjini Hamburg, ndiyo inayotambuliwa na kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kuwa reli ya mfano kubwa kuliko zote duniani. Ina zaidi ya kilomita 16 za reli, zaidi ya treni 1,000, na sanamu ndogo za watu zinazohesabika kwa mamia ya maelfu. Vyote vimetengenezwa kwa kipimo cha 1 kwa 87, maana yake mita moja ya dunia yetu inakuwa sentimita moja na ushei kule ndani.

Ilianza na duka. Mwaka 2000, Frederik Braun alikuwa matembezini Zürich, akaingia kwenye duka la treni za mfano, na mapenzi ya utotoni yakamrudia yote. Wakati huo yeye na pacha wake Gerrit walikuwa wakiendesha klabu ya usiku Hamburg. Alimpigia pacha wake simu kumweleza kwamba wajenge reli ya mfano kubwa kuliko zote duniani, na Agosti 2001 milango ilikuwa wazi kwa watazamaji. Tangu hapo hawajaacha kujenga. Uwanja wa ndege wa Knuffingen, mji ambao haupo kwenye ramani yoyote, ulichukua miaka sita na ukafunguliwa mwaka 2011. Ndege zake hukimbia kwenye barabara ya kurukia, hunyanyuka na kupotea ukutani. Kila robo saa taa za ukumbi hufifia polepole, usiku unaingia, na madirisha ya nyumba ndogo yanawaka moja baada ya jingine. Mlima Vesuvius hulipuka. Mwishoni mwa 2021 wakafungua daraja la kuvuka mfereji wa maji na kuingia ghala la pili, kwenye sehemu ya Amerika Kusini yenye Rio de Janeiro.

Mwaka huohuo wa 2021, wakati milango imefungwa kwa sababu ya korona, walivunja rekodi nyingine ambayo mimi naipenda kuliko ile ya ukubwa. Walipanga glasi za maji zaidi ya 2,800 kandokando ya reli, kila glasi ikiwa na kiasi chake cha maji ili itoe sauti yake, kisha wakaipitisha treni yenye vijiti vya kugonga. Treni ikapiga muziki wa watunzi wakubwa wa Ulaya, noti 2,840 mfululizo, na Guinness wakaiandika kuwa wimbo mrefu kuliko wote uliopigwa na treni ya mfano. Ukiukosea mwendo wa treni hiyo hata kidogo, wimbo wote unavurugika.

Kwetu tuliokulia karibu na reli, ukubwa wa Hamburg unaeleweka vizuri zaidi kwa hesabu moja. Reli ya Uganda, ile iliyotoka Mombasa na kufika ziwani, Port Florence, ambayo leo ni Kisumu, mwaka 1901, ilikuwa na urefu wa maili 582, yaani kama kilomita 937. Igawanye kwa 87: unapata kilomita 10 na mita 770 hivi. Reli iliyotandazwa ndani ya maghala yale ingetosha kwenda Mombasa hadi Kisumu bila kuruka hata daraja moja, na zingebaki kilomita tano za kuchezea. TAZARA ndiyo ingewashinda. Kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, zikigawanywa kwa 87, zinahitaji zaidi ya kilomita 21. Hadi leo hakuna mtu duniani mwenye reli ya mfano inayoweza kuimeza TAZARA.

Ndefu kuliko zote, na zilizokwama njiani

Reli ya Hamburg inajikunja ndani ya jengo. Kutandaza reli ya mfano kwenda mbele tu, kutoka mji mmoja hadi mwingine, ni shughuli nyingine kabisa, na Waingereza ndio walioingiwa na wazo hilo.

Mwaka 2009 mtangazaji wa televisheni James May aliwakusanya wakazi wa Devon kutandaza reli ya Hornby, ya aina ileile inayouzwa kwenye maboksi ya zawadi, kutoka Barnstaple hadi Bideford. Ni maili 10, kama kilomita 16. Njia waliyoifuata ilikuwa ya treni za kweli, ikafungwa kwa abiria mwaka 1965, na sasa ni njia ya waendao kwa miguu na baiskeli. Mamia ya watu walijitokeza kusaidia. Injini zikaanza safari, na moja baada ya nyingine zikafa. Mota ndogo iliyotengenezwa kuzunguka zulia la sebuleni haikuundwa kwa kukimbia usiku kucha, na hakuna iliyofika Bideford. Mwaka 2011 walirudi, safari hii wakishirikiana na kushindana na mafundi wa Hamburg, na treni ikaimaliza njia yote.

Miaka sita baadaye rekodi hiyo ilionekana ndogo. Kiangazi cha 2017, kwa ajili ya kipindi cha Channel 4 kilichoonyeshwa mwanzoni mwa 2018 na kuongozwa na Dick Strawbridge, kikosi cha watu wa kujitolea kilitandaza reli ya upana wa milimita 32 kutoka Fort William hadi Inverness, kuvuka bonde lote la Great Glen huko Scotland. Maili 71. Kilomita 114. Na injini yao, iliyoitwa Silver Lady, haikuwa ya umeme bali ya mvuke halisi: maji yanachemka ndani ya boila ndogo kwa moto wa gesi, mvuke unasukuma pistoni, pistoni zinazungusha magurudumu. Injini kama hiyo haiwezi kupanda mlima mkali. Kila tuta, kijito, ukuta wa mawe na hatua za malango ya mfereji ilibidi zitafutiwe mteremko wa upole, kwa mbao, kwa vyuma, kwa chochote kilichopatikana. Reli haikutosha kwa safari nzima, kwa hiyo walikuwa wakiing'oa nyuma na kuibeba mbele, wakitembea nayo kwenye mvua.

Kinachoipa rekodi hii heshima ni historia ya bonde lenyewe. Mwishoni mwa karne ya 19 kampuni moja ilikuwa na ndoto ya kupitisha treni humo hadi Inverness. Mwaka 1903 reli yao ikafunguliwa, ikafika Fort Augustus, ikaishia hapo. Haikuendelea tena. Treni ya kwanza kukamilisha safari kutoka Fort William hadi Inverness kwa kulifuata bonde hilo ni kitu unachoweza kukipakata.

Ndogo kuliko zote zinazouzwa dukani

Mwaka 1972 kampuni ya Märklin ya Ujerumani iliushangaza ulimwengu kwa treni za kipimo cha 1 kwa 220, zinazokimbia juu ya reli ya upana wa milimita 6.5. Watu walizitia ndani ya mikoba ya ofisini, wakazifungua kwenye maonyesho na kuziendesha humohumo. Kwa miaka zaidi ya 30 hakuna kiwanda kikubwa kilichothubutu kushuka chini ya hapo. Kisha Wajapani wakaleta kipimo cha 1 kwa 450, upana wa reli milimita 3. Behewa la abiria la mita 20 linakuwa na urefu wa sentimita nne na nusu. Kwa kipimo hicho kitu kigumu si kutengeneza injini, ni kuifanya iendelee kutembea, maana chembe ya vumbi isiyoonekana ni gogo lililolala njiani.

Fumbo kubwa kwenye nafasi finyu

Hii ndiyo rekodi ninayomshauri kila mgeni aitafute kwenye maonyesho ya mtaani, kwa sababu haina fahari na wengi huipita.

Mwingereza Alan Wright alibuni reli inayoitwa Inglenook Sidings. Ina njia tatu tu, zilizogawanyika kutoka njia moja. Ya kwanza inachukua mabehewa matano, ya pili matatu, ya tatu matatu. Ile njia moja, ambamo injini huvuta na kusukuma mabehewa, ina nafasi ya injini na mabehewa matatu, basi. Mabehewa yote ni manane. Unachukua kadi nane, kila moja ina jina la behewa, unazichanganya, unachomoa tano. Kazi yako ni kuunda treni ya mabehewa hayo matano kwa mpangilio uleule kadi zilivyotoka, bila kuyagusa kwa mkono, kwa kuyavuta na kuyasukuma tu.

Ukisikia hivyo unadhani ni jambo la dakika mbili. Treni tofauti zinazoweza kuagizwa na zile kadi ni 6,720: nane mara saba mara sita mara tano mara nne. Na yote hayo yanafanyika kwenye ubao unaoweza kuwekwa juu ya rafu ya vitabu. Nimeona watu wazima wakikata tamaa mbele ya mabehewa manane, kisha mtoto wa miaka tisa anaposhika kidhibiti, anatulia, anaanza kuhesabu nafasi kwa vidole, na anaipata. Kuna reli za mamilioni ambazo mtazamaji hana la kufanya isipokuwa kupiga picha. Hii inamwambia: njoo ufanye.

Kongwe

Treni ya kuchezea iliyosanifiwa kwa vipimo maalumu ina tarehe ya kuzaliwa. Mwaka 1891, kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig, Märklin walileta reli yenye umbo la namba nane, pamoja na wazo kwamba reli na mabehewa viuzwe kwa upana uliowekwa, ili ununue kidogo leo na kuongeza mwaka kesho. Kwa hiyo maonyesho na treni za mfano vimetembea pamoja tangu siku ya kwanza.

Muongo mmoja baadaye, New York, kijana Joshua Lionel Cowen alitengeneza behewa la umeme lililo wazi juu, lizunguke ndani ya dirisha la duka likiwa limebeba bidhaa ili kuwavuta wapita njia. Wapita njia wakavutika, ila walichotaka kununua ni lile behewa. Hapo ndipo zilipoanzia treni za kampuni ya Lionel, ambayo kwa Wamarekani wengi ni jina la Krismasi yenyewe.

Klabu kongwe inayojulikana ni The Model Railway Club ya London, iliyoanzishwa mwaka 1910. Bado hai. Makao yake, Keen House, yako karibu na stesheni ya King's Cross, na humo ndani wanachama wamekuwa wakijenga reli iitwayo Copenhagen Fields tangu miaka ya 1980: mitaa, viwanda na mahandaki ya eneo lilelile la kaskazini ya London lilivyokuwa kati ya vita viwili vya dunia, kwa kipimo cha milimita mbili kwa kila futi moja. Mtu anaweza kutoka nje ya mlango wa klabu, akatembea dakika chache, akasimama mahali palepale alipopaona mezani. Waliopiga msumari wa kwanza wengine wamezeeka, na kazi haijaisha.

Kwa mifano ya nje, isiyofunikwa na paa, mkongwe ni Bekonscot, kijiji kidogo cha mfano huko Beaconsfield kilichofunguliwa mwaka 1929 kwenye bustani ya mhasibu Roland Callingham. Treni zake bado zinazunguka mvua inyeshe au jua liwake.

Kosa lililodumu kuliko yote

Ukiwa Uingereza ukatazama treni ya mfano kutoka mbele, utaona kitu hakijakaa sawa: behewa ni nene, magurudumu yamebanana. Ni kweli. Injini na mabehewa ya Kiingereza hutengenezwa kwa kipimo cha 1 kwa 76, lakini hupita juu ya reli ya milimita 16.5 ambayo ni ya kipimo cha 1 kwa 87. Mota za zamani zilikuwa kubwa, na injini za Uingereza zenyewe ni nyembamba kuliko za bara la Ulaya, hivyo viwanda vilipanua mwili na kuacha reli ilivyo. Matokeo yake, reli ambayo ingetakiwa kuwakilisha upana wa milimita 1,435 inawakilisha kama 1,257. Wapo mafundi walioasi, wakajitengenezea reli ya milimita 18.83 na kila gurudumu kwa mkono. Nawaheshimu sana. Lakini wengi wameendelea na lile kosa, vizazi na vizazi, kwa sababu kila mtu anaweza kuendesha treni yake kwenye reli ya jirani yake, na kwenye maonyesho hilo lina thamani kuliko milimita mbili.

Subira

Roye England alizaliwa Australia, akafika Uingereza mwaka 1925 akiwa kijana, na akaona nyumba za vijijini za bonde la Vale of White Horse zikibomolewa au kubadilishwa paa. Akaamua kuzihifadhi kwa njia aliyoijua: azipime, azichore, azitengeneze upya kwa kipimo cha 1 kwa 76. Jumba la makumbusho la Pendon huko Long Wittenham, alilolianzisha mwaka 1954, ndilo tunda la uamuzi huo. Kuta ni za kadibodi, kila tofali limekwaruzwa kwa ncha na kupakwa rangi ya maji kwa namna yake. Bustani zina mboga zinazoweza kutambulika. Nyumba moja inaweza kumchukua mtu wa kujitolea miezi na miezi, na England alifariki kabla bonde lake halijakamilika. Nyumba nyingi za kweli zimetoweka; za kadibodi zipo. Kwangu mimi hakuna reli ya mfano yenye maana zaidi ya hiyo duniani.

Rod Stewart, mwimbaji, anastahili kutajwa hapa pia. Mwishoni mwa 2019 jarida la Railway Modeller lilionyesha mji wake wa mfano, wa Marekani ya miaka ya 1940, wenye urefu wa mita 38 hivi na upana wa mita 7, alioujenga kwa zaidi ya miaka 20. Akiwa ziarani aliomba chumba cha ziada hotelini, akaweka meza na taa, na kutengeneza maghorofa mchana kabla ya kupanda jukwaani usiku. Mtangazaji mmoja wa redio alipodokeza kwamba huenda kuna watu waliomfanyia, Stewart alipiga simu studio moja kwa moja kusema kuwa asilimia 90 ni kazi ya mikono yake, na kwamba asichokiweza ni umeme.

Klabu iliyozaa kitu kisichotarajiwa

Chuo cha MIT, Marekani, kina klabu ya treni za mfano iliyoanza mwaka 1946. Wanachama waligawanyika: waliopenda mandhari walikaa juu ya meza, waliopenda mitambo walijilaza chini yake, kwenye msitu wa nyaya na swichi za simu walizopewa bure. Hao wa chini ya meza ndio walioingia mapema kwenye vyumba vya kompyuta vya chuo. Mwaka 1962, mchezo wa kompyuta uitwao Spacewar! ulipokamilika, Alan Kotok na Bob Saunders walikusanya swichi na vifaa vilivyobaki kwenye chumba cha treni wakaunda visanduku vya kuuchezea. Kila kijana anayebonyeza kidhibiti cha mchezo wa video leo, awe Kariakoo au Eastleigh, ana deni dogo kwa klabu ya treni za mfano.

Ukumbi wenyewe

Sasa tuje mahali ambapo yote haya hukutana. Ijumaa jioni magari ya kukodi yanarudi nyuma hadi mlango wa ukumbi. Meza zinashushwa zikiwa zimefungwa mbilimbili, uso kwa uso, ili miti na nyumba visivunjike. Zikishasimama huanza kazi ya kulinganisha: reli ya meza hii na ya meza ile zikipishana kwa nusu milimita, treni itaanguka hapo kila ikipita, siku mbili nzima, mbele za watu.

Jumamosi asubuhi, kabla ya milango kufunguliwa, mtazame mwonyeshaji mmoja kwa karibu. Amelaza injini chali juu ya kipande cha sponji. Ana kitambaa cheupe kilicholowa spiriti. Anakigusisha kwenye magurudumu huku yanazunguka, na duara jeusi linajichora kwenye kitambaa. Anasogeza upande msafi, anarudia, hadi kitambaa kitoke cheupe. Umeme wa treni hizi hupanda kutoka kwenye reli kupitia gurudumu, kwa hiyo uchafu ule mweusi ndio unaosimamisha treni ghafla katikati ya daraja, watoto wakiwa wanatazama. Nyuma ya picha ya mbingu, upande ambao mtazamaji haoni, treni nyingine kumi zimepanga foleni zikingoja zamu yao, na pembeni yake kuna karatasi yenye ratiba iliyochakaa kwa kushikwa.

Ushauri wangu kwa anayeonyesha kwa mara ya kwanza ni mfupi: treni isisimame. Watazamaji hawana subira na stesheni iliyolala. Dakika mbili zikipita bila kitu kutembea, wameshahamia meza ya pili. Na ajiandae kwa swali ambalo kila mwonyeshaji huulizwa, kwamba imemchukua muda gani. Anayejibu kwa uchangamfu mara ya hamsini kama alivyojibu mara ya kwanza, huyo anawavuta wengine waingie. Kwa anayekuja kutazama: vikombe vya chai viwe mbali na meza, mikono isivuke kamba, na usiogope kuuliza. Wanapenda kuulizwa.

Kwa Uingereza, maonyesho makubwa kuliko yote yaliyoandaliwa na klabu ya kujitolea yalikuwa ya Warley, kwenye kumbi za NEC, Birmingham, kila Novemba. Ya mwaka 2023 ndiyo yaliyokuwa ya mwisho. Hayakukosa watazamaji. Klabu haikuwa tena na watu wa kutosha wenye nguvu ya kuyabeba, kwa kuwa wanachama wamezeeka. Kwangu hii ndiyo habari nzito kuliko rekodi zote zilizotangulia, na kila klabu yenye wanachama wenye mvi inapaswa kuisoma mara mbili.

Na kuna usiku wa Mei 2019, Stamford, katika Lincolnshire. Klabu ya Market Deeping ilikuwa imepanga meza zake zote kwenye ukumbi wa shule kwa maonyesho ya kesho yake. Usiku vijana wakavunja na kuingia. Asubuhi wazee walikuta kazi ya miaka mingi imekanyagwa sakafuni: injini zimepondwa, majengo yametawanyika, meza zimepinduliwa. Baadhi yao walilia mbele ya kamera. Klabu ikafungua mchango kwenye mtandao ikitarajia pauni 500. Watu wakachanga zaidi ya pauni 100,000, wakiwemo wengi ambao hawajawahi kushika treni ya mfano maishani mwao, na Rod Stewart akatoa pauni 10,000. Sijui klabu nyingine ya mtaani iliyowahi kupewa zaidi ya mara 200 ya ilichoomba.

Rekodi iliyoko Nairobi

Rekodi ya mwisho iko nyumbani. Injini za mvuke zenye nguvu kuliko zote zilizowahi kupita juu ya reli ya mita moja popote duniani zilikuwa zetu: Garratt za daraja la 59 za Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Zilitengenezwa 34 na Beyer Peacock wa Manchester, zikaletwa kuanzia 1955, kila moja na jina la mlima wa Afrika Mashariki. Zilikuwa na uzito wa tani 252, na umbo la pekee: boila katikati, na seti mbili za magurudumu mbele na nyuma zinazojipinda kila moja kivyake kwenye kona. Mbili bado zipo kwenye Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971: namba 5918, Mount Gelai, na namba 5930, Mount Shengena.

Garratt hiyo ina urefu wa mita 31.7. Kwa kipimo cha 1 kwa 87 inakuwa sentimita 36 na nusu, na reli yake ya milimita 12, inayofaa kwa reli za mita moja, inauzwa tayari madukani Ulaya. Aliyeko Birmingham au Hamburg na amekulia Voi, Tabora au Tororo ana kila sababu ya kuingia ukumbi wa karibu naye, kulipa kiingilio, na kuwauliza wenyeji wa klabu namna ya kuanza, maana wanatafuta wanachama. Aliyeko Nairobi aende makumbusho na tepu ya kupimia, penseli na daftari, aombe ruhusa, aanze na urefu wa boila. Kadibodi, wembe na gundi vinapatikana River Road.